Haki ya maji wanayo, maji hawana

Swali la msomaji: "Mtaalamu, salaam. Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Bukavu, sasa naishi Phoenix, Arizona. Kila wiki napita nchi ya Wanavajo kwenda Kayenta, na kila safari nawakuta watu wamepanga foleni ya pikapu zenye matangi, wanachota maji ya kupeleka majumbani, wengine mbali sana. Mwenzangu kazini, ambaye ni Mnavajo, anasema kabila lake lina haki ya maji iliyotangulia ya mji wangu, ila Mahakama ya Juu iliwanyima mwaka 2023. Haki gani hiyo isiyojaza hata ndoo? Na kama serikali ndiyo imeshika mali yao kwa amana, kwa nini haishtakiki?"

Ndugu yangu, mwenzako hakukudanganya, ingawa hilo neno "iliwanyima" tulinyooshe kidogo. Mahakama ilikiri kwamba Wanavajo wana haki ya maji. Ilichokataa ni kumlazimisha aliyeishika haki hiyo ainuke kitini, aipime, na awaambie wenyewe ni kiasi gani na kitafikaje. Jibu lako limo humo humo, lakini ili ulione inabidi tuanzie mbali na Arizona, kwenye mto mdogo wa Montana.

Kwanza uiweke kando sheria ya maji ya huku kwetu. Kenya, Sheria ya Maji ya 2016 inasema kila chanzo cha maji kimeshikwa na serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Tanzania unaomba kibali kwenye bodi ya bonde. Na waliokulia kwenye mifereji ya Kilimanjaro wanajua habari ya zamu: maji yakipungua, kila mmoja anapunguziwa. Magharibi ya Marekani hakuna zamu. Sheria ilizaliwa kwenye machimbo ya dhahabu: aliyetangulia kuchepusha maji akayatumia ndiye wa kwanza, na mwaka wa ukame anajaza mfereji wake mpaka utosheke ndipo wa pili yake aguse mto. Wa mwisho anaweza kukosa kabisa. Zaidi ya hayo, usipoyatumia maji yako kwa muda mrefu, haki inakufa. Kwa hiyo kule watu hawagombanii lita tu, wanagombania tarehe.

Sasa njoo Montana. Mwaka 1888 makabila ya Gros Ventre na Assiniboine yaliachia eneo kubwa la ardhi yakabaki na rizavu ya Fort Belknap, kando ya mto Milk. (Natumia neno "rizavu" makusudi, wazee wa Kenya wanalikumbuka, na maana yake ni ile ile: ardhi waliyotengewa wenyeji.) Walowezi wa upande wa juu wakachepusha mto. Ulipokuja ukame wa 1905, maji hayakufika rizavu. Walowezi, akiwemo mmoja aliyeitwa Winters, walisema: sisi tulitangulia kutumia. Serikali ya shirikisho ikawashtaki kwa niaba ya makabila, na mwaka 1908 Mahakama ya Juu, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ikaamua kwamba huwezi kumwambia mtu akae mahali pakavu, alime, aache kuhamahama, halafu useme maji hayakuwemo kwenye makubaliano. Maji yalihifadhiwa siku ile ile ardhi ilipohifadhiwa, hata kama hakuna neno lililoandikwa.

Hukumu hiyo ya Winters ina meno mawili makali. Tarehe ya haki ni siku rizavu ilipoanzishwa, na kwa kuwa rizavu nyingi ni za karne ya 19, makabila yanajikuta mbele ya karibu kila mji na kila mkulima. Halafu haki hii haifi kwa kutotumiwa. Kabila linaweza kukaa miaka 100 bila mfereji hata mmoja, na haki iko pale pale. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya magharibi iliongeza kwamba haki hiyo inafika hata kwenye maji ya chini ya ardhi, katika kesi ya kabila la Agua Caliente huko Palm Springs, California.

Mpaka hapo mwenzako kazini amekwambia kweli tupu. Shida inaanza tunapouliza nani anaishika haki hiyo.

Kisheria, maji haya serikali ya shirikisho inayashika kwa amana kwa ajili ya kabila. Kwa Mswahili, amana ni neno zito. Anayesimamia wakfu au mali ya yatima, siku yoyote anaweza kuitwa mbele ya kadhi kutoa hesabu: shamba liko wapi, kodi umeipeleka wapi, kwa nini umeliacha likawa pori. Akiwa huku anasimamia shamba la yatima, huku ana shamba lake linalonywa mfereji ule ule, watu watamwambia achague moja. Mahakama za Marekani zinatumia neno hilo la amana, ila uzito wake zimeupunguza.

Uone jinsi serikali ilivyokaa. Waziri wa Mambo ya Ndani wa kule hahusiki na polisi na vitambulisho kama wa kwetu. Yeye ni wa ardhi, mabwawa na mambo ya makabila. Chini ya meza yake moja kuna idara inayojenga mabwawa ya kumwagilia mashamba ya walowezi na ofisi inayolinda mali za makabila. Wote wanakunywa mto mmoja. Mshika mawili moja humponyoka, na ukitaka kuona lililoponyoka nenda Nevada, kwenye ziwa Pyramid. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui kesi nyingine inayoonyesha jambo hili waziwazi kiasi hiki.

Ziwa Pyramid liko ndani ya rizavu ya Wapaiute iliyotengwa mwaka 1859. Linapata maji yake kutoka mto Truckee. Wenyeji wake wanajiita Kuyuidokado, walaji wa kui-ui, samaki asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Walikuwa na samaki mwingine pia, trauti mkubwa. Mwaka 1925 alivuliwa mmoja wa ratili 41. Lakini mwaka 1905 serikali ilikamilisha bwawa la Derby, likachepusha sehemu kubwa ya Truckee kwenda skimu ya umwagiliaji ya Newlands, jangwani. Ziwa likaanza kushuka. Ziwa la jirani, Winnemucca, lililokuwa likipokea mafuriko ya Pyramid, likakauka kabisa. Samaki wakashindwa kupanda mto kutaga, na kufikia miaka ya 1940 yule trauti akawa ametoweka ziwani.

Wakati huo huo, tangu 1913, serikali ilikuwa mahakamani ikitaka haki zote za mto Truckee zigawanywe rasmi. Serikali hiyo hiyo ilisimama kudai maji ya skimu yake na kudai maji ya Wapaiute. Wakili mmoja, wateja wawili, mto mmoja. Hukumu ilipotoka mwaka 1944, Wapaiute walipewa maji ya kumwagilia mashamba, kwa tarehe ya 1859, ya kwanza kabisa mtoni. Kwa ziwa na samaki hawakupewa hata tone, kwa sababu wakili wao hakuliombea. Watu wanaojiita walaji wa samaki waliombewa maji ya kulima tu.

Mwaka 1973 serikali ilizinduka ikarudi mahakamani kudai maji ya ziwa. Shauri likafika Mahakama ya Juu, likaamuliwa 1983: hapana, jambo limekwisha kuamuliwa, halifunguliwi tena. Wapaiute wakajibu kwamba hawakuwakilishwa kwa haki na mtu aliyekuwa upande wa pili pia. Jaji Rehnquist akaandika kwamba serikali haiwezi kupimwa kwa kipimo cha mdhamini wa mtu binafsi, kwa kuwa Bunge lenyewe liliipa kazi zote mbili, ya skimu na ya kabila. Yaani jambo ambalo lingemfukuzisha kazi wakili yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi, kwa serikali ni utaratibu wa kawaida. Binafsi naona hii ndiyo sentensi iliyoyagharimu makabila kuliko nyingine yoyote katika sheria ya maji, ingawa namwelewa jaji: kulikuwa na maelfu ya wakulima waliojenga maisha yao juu ya hukumu ya 1944.

Kilichokuja kuliokoa ziwa, kwa kiasi, kilitoka kwingine. Mwaka 1972 jaji mmoja wa Washington alikuwa ameshamwambia Waziri kwamba kanuni yake ya kupeleka maji kwenye skimu haikubaliki, kwa sababu kila tone lisilo la lazima kule lilipaswa kwenda ziwani. Halafu ikaja sheria ya kulinda viumbe walio hatarini: kui-ui alikuwa kwenye orodha, na mwaka 1984 mahakama ya rufaa ilikubali maji ya bwawa la Stampede yatumike kwa ajili yake badala ya kuuzwa mijini. Fikiria hapo. Samaki alipata ulinzi ambao mlaji wake hakuupata.

Turudi kwa Wanavajo, na kwa bomba lako la Phoenix, kwa maana haya mawili hayaachani.

Mwaka 1864 jeshi liliwaswaga Wanavajo kwa miguu kutoka nchi yao mpaka Bosque Redondo, New Mexico, kwenye maji ya chumvi chumvi ya mto Pecos. Walikufa wengi kule kwa njaa na maradhi. Tarehe 1 Juni 1868 walitia saini mkataba uliowaruhusu kurudi. Mkataba huo ni wa mambo madogo madogo yaliyoandikwa kwa hesabu: mbegu na zana za kilimo zisizozidi dola 100 kwa kila mkuu wa familia mwaka wa kwanza, kondoo na mbuzi 15,000, shule, mhunzi. Kuhusu maji, kimya. Leo rizavu hiyo, iliyopanuliwa mara kadhaa, ina zaidi ya ekari milioni 17 katika majimbo matatu, mto Colorado ukipita pembeni yake, na karibu thuluthi ya kaya haina maji ya bomba ndani. Hao ndio unaowaona kwenye foleni.

Mwaka 1952 Arizona iliishtaki California kwa ajili ya mto Colorado. Serikali ya shirikisho iliingia kusemea makabila. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikayapa makabila matano ya kusini mwa mto zaidi ya ekari-futi 900,000 kwa mwaka (ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, kama lita milioni 1.2), kipimo kikiwa ardhi yao inayoweza kumwagiliwa kweli. Kwa Wanavajo serikali iliombea maji ya mto Colorado Mdogo, kijito chake, ikaacha kuuombea mto wenyewe. Wanavajo walipoona hivyo waliomba mwaka 1961 waingie wajisemee. Ombi likakataliwa.

Arizona ndiyo iliyoshinda kesi ile. Ushindi huo ndio uliozaa sheria ya 1968 ya kuchimba mfereji wa kilomita kama 540 kutoka ziwa Havasu hadi Phoenix na Tucson. Na maji hayo yanapanda milima kwa pampu, ambazo kwa miongo kadhaa ziliendeshwa na umeme wa makaa ya mawe wa kituo kilichojengwa karibu na Page, ndani ya ardhi ya Wanavajo, mpaka kilipofungwa Novemba 2019. Umeshapita pale, bila shaka. Umeme ulitoka kwao, maji yakaenda kwenu.

Mwaka 2003 Wanavajo waliishtaki serikali. Angalia kwa makini walichoomba, maana magazeti mengi yalikosea: hawakuomba fedha, wala hawakuomba mahakama iwagawie maji ya Colorado. Waliomba serikali, kama mshika amana, itathmini mahitaji yao ya maji na ipange namna ya kuyatimiza. Baada ya miaka 20, Juni 2023, majaji 5 kwa 4 walikataa. Jaji Kavanaugh aliandika kwamba mkataba wa 1868 ulihifadhi maji, sawa, lakini haukuipa serikali wajibu wa kuchukua hatua: kupima, kupanga, kuchimba visima, kulaza mabomba. Mkataba ulitaja mbegu na kondoo. Kama ulitaka kutaja mabomba ungetaja.

Jaji Gorsuch alipinga, pamoja na Sotomayor, Kagan na Jackson. Waliozoea kuwagawa majaji wale kwa vyama walishangaa. Mtu huyu aliteuliwa na Trump. Lakini Gorsuch ni mzaliwa wa Colorado, na mikataba ya makabila huisoma neno kwa neno kwa jinsi wenyeji wenyewe walivyoielewa siku ya kutia saini. Aliwafananisha Wanavajo na mtu aliyepanga foleni kwenye ofisi ya leseni za magari, kila dirisha anaambiwa nenda lile jingine. Waliwaandikia maofisa, waliomba kuingia kwenye kesi, wakashtaki, na kila mahali jibu likawa "jaribuni tena". Wewe dereva foleni hiyo unaijua kuliko mimi.

Kwa maoni yangu Gorsuch ndiye aliyeisoma hoja yenyewe; wengine watano walijibu madai makubwa kuliko yaliyoletwa. Hata hivyo siwezi kusema hukumu ilianguka kutoka mbinguni. Mahakama hiyo imekuwa ikisema tangu mwaka 1980 kwamba neno amana peke yake halitoshi. Lazima kabila lionyeshe sheria au mkataba uliotaja wajibu maalumu. Waapache wa White Mountain walishinda mwaka 2003 kuhusu majengo ya ngome ya zamani, kwa sababu sheria ya Bunge ilitamka kuwa majengo ni amana na serikali ilikuwa ikiyatumia yenyewe ikayaacha yachakae. Wahopi, ambao nchi yao imezungukwa na ya Wanavajo, walishindwa mwaka 2015: walilalamika maji ya visima vya baadhi ya vijiji vyao yana sumu ya aseniki kupita kiwango, mahakama ya rufaa ikasema hakuna sheria inayoipa serikali wajibu wa kuhakikisha maji hayo ni salama. Kwa lugha nyepesi: mshika amana anahukumiwa kwa alichokiharibu mkononi mwake, hahukumiwi kwa alichokiacha bila kukigusa.

Na usidhani kabila linaweza kukimbilia mahakama za shirikisho kila mara. Sheria ya 1952 iliiondolea serikali kinga ya kushtakiwa katika mashauri ya kugawa mto mzima kwenye mahakama za majimbo, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ikasema hiyo inahusu pia haki za makabila. Matokeo yake ni kwamba maji ya kabila yanapimwa na mahakama ya jimbo, mbele ya majaji wanaochaguliwa au kuteuliwa kwa siasa za jimbo hilo, wadaiwa wakiwa maelfu. Shauri la mto Gila hapo Arizona lilianza miaka ya 1970. Mawakili waliolifungua wamestaafu.

Ndiyo maana makabila mengi yameacha hukumu yakashika maridhiano. Tangu Waak-Chin wa Arizona mwaka 1978, maridhiano zaidi ya 30 yamepitishwa. Kabila linakubali kiasi pungufu ya kile ambacho hukumu ya Winters ingeweza kulipatia, na badala yake linapata kitu ambacho hukumu haitoi: fedha za mabomba na mabwawa. Mfano ulio karibu nawe ni jamii ya Gila River, kusini tu mwa Phoenix. Watu wake, Waakimel O'odham, walikuwa wakulima hodari wa mifereji. Ngano yao iliwalisha wasafiri wa karne ya 19, mpaka walowezi wa juu walipoukausha mto na njaa ikaingia. Kwa sheria ya 2004 walipata ekari-futi 653,500 kwa mwaka, karibu nusu zikitoka kwenye mfereji ule ule unaokunywesha. Leo miji inakodi maji kwao, na mwaka 2023 serikali ilikubali kuwalipa dola milioni 50 kwa mwaka, kwa hadi miaka mitatu, ili waache sehemu ya maji yao ibaki ziwa Mead, bwawa kubwa la mto Colorado.

Wanavajo nao wako njia hiyo. Upande wa Utah maridhiano yao yalipitishwa na Bunge Desemba 2020, ekari-futi 81,500. Upande wa Arizona, mabaraza ya Wanavajo, Wahopi na Wapaiute wa Kusini wa San Juan yalipitisha makubaliano Mei 2024, yenye maombi ya dola bilioni 5 kwa ajili ya miundombinu. Hayawi sheria mpaka Bunge liyapitishe na kutoa fedha. Huko ndiko mwenzako anapaswa kutazama sasa, wala asisubiri mahakama.

Kuna swali hukuliuliza ila naliona nyuma ya yale mawili: wakipata, wewe utakosa? Sheria ya 1968 iliyowapa ninyi wa Phoenix mfereji iliweka pia sharti kwamba siku ya upungufu California itangulie, kwa hiyo Phoenix iko nyuma kwenye foleni hata kabla ya Mnavajo mmoja kufungua bomba. Na karibu nusu ya maji ya mfereji huo tayari yametengwa kwa makabila. Sehemu ya maji unayooga nayo ni ya kukodi, na waliokukodisha ni jirani zako wa rizavu.